Kijitabu chekundu na karatasi mbili: nitamjuaje mwenyewe?

"Naishi Leipzig. Mwezi uliopita nilinunua bahasha moja kwenye soko la vitu vikuukuu kwa yuro 60. Ndani mlikuwa na nishani ya nyota nyekundu, kijitabu kidogo chekundu cha Kirusi, na karatasi mbili nyembamba zilizokunjwa. Muuzaji aliniambia vilikuwa vya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti aliyefika Berlin. Sijui Kirusi. Nimepitisha simu juu yake, ikanitafsiria jina la mtu, neno Berlin na neno Ujerumani, basi. Sasa kuna mtu anataka nimuuzie nyota na kijitabu. Karatasi kasema nibaki nazo, hazina maana. Je, vitu hivi ni halisi? Mwenyewe alikuwa nani, na alifanya nini hata akapewa nyota? Namba iliyo nyuma ya nyota naweza kuitafuta mtandaoni? Na je, ni haki mimi kukaa na kitu cha namna hii? Nauliza kwa sababu babu yangu alipigana Burma akiwa na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na nyumbani hatuna karatasi yake hata moja."

Ndugu yangu, kwa sasa usimuuzie huyo mtu kitu chochote. Karatasi mbili anazozidharau ndizo zitakazokufikisha kwa mwenye nyota. Kijitabu peke yake kitakuachia njiani, na nyota peke yake haitakutoa hata mlangoni. Ukishaelewa jinsi jeshi la Kisovieti lilivyokuwa likiandika mambo yake, mengi uliyouliza yatajijibu, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Tuanze na maneno ya muuzaji. Shujaa wa Umoja wa Kisovieti lilikuwa jina la heshima la juu kabisa, lililoanzishwa mwaka 1934, na hadi dola ile inavunjika mwaka 1991 waliolipata hawakufika 13,000. Alama yake ni nyota ndogo ya dhahabu, na aliyeipata alipewa pia Nishani ya Lenin. Ulichonacho, kwa maelezo yako, ni Nishani ya Nyota Nyekundu, iliyoanzishwa Aprili 1930: ya fedha, ncha tano zenye enameli nyekundu, katikati askari aliyeshika bunduki, nyuma skrubu na nati yake. Hizo zilitolewa zaidi ya milioni 3.8. Simpunguzii heshima mtu wako kwa kusema hivyo. Nataka tu umtafute mahali alipo, usije ukamtafuta miongoni mwa mashujaa wa dhahabu ukamkosa, kisha ukadhani umeuziwa uongo.

Tena, nyota hii haikutolewa kwa sababu moja. Wapo waliopewa kwa kuvuka mto chini ya risasi, na wapo madaktari, mafundi wa vifaru na makarani wa makao makuu waliopewa kwa kazi iliyofanywa vizuri miezi mingi mfululizo. Kuanzia Juni 1944 ikatoka amri kwamba maofisa wapewe nishani kwa urefu wa utumishi: miaka 10, medali ya Huduma za Kivita, miaka 15, Nyota Nyekundu, miaka 20, Bendera Nyekundu, miaka 25, Lenin. Utaratibu huo ulidumu hadi miaka ya 1950. Halafu Novemba 1947 kukawa na amri kubwa ya kuwatunuku watu waliojeruhiwa vitani. Chuma ni kilekile kwa wote hawa. Ukiishika mkononi huwezi kujua kama ni ya mto Dnieper au ya miaka kumi na mitano ya utumishi usio na doa.

Umekiita kijitabu cha Kirusi, na lugha yake kweli ni Kirusi, lakini usimfanye mwenyewe kuwa Mrusi kabla hujajua. Jeshi Jekundu, yaani hilo la Kisovieti, lilikuwa la Waukraini, Wakazakhi, Wauzbeki, Wageorgia, Watatari, Wayahudi na wengine wengi, na karani Mrusi aliyeandika jina la Mkazakhi kwa kulisikia tu aliliandika alivyoweza. Majina yao yana sehemu tatu: la ukoo, lake mwenyewe, na la kumtaja baba. Hilo la tatu sisi hatuna haja ya kufundishwa. Petrovich ni bin Petro, Petrovna ni binti Petro. Kwa hiyo liangalie kwanza hilo la tatu: likiishia kwa -ovna au -evna, mwenye nyota alikuwa mwanamke, na wanawake waliotumikia jeshi lile walikuwa mamia ya maelfu. Jina la ukoo linaweza kukudanganya, kwa mfano yale ya Kiukraini yanayoishia kwa -enko ni yale yale kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Sasa kijitabu chenyewe. Watu wengi hukifungua wakitarajia hadithi, wakakuta jina, orodha fupi, mhuri na saini. Hakikutengenezwa kusimulia. Kilikuwa kitambulisho cha haki. Nishani zilikuja na fedha kidogo kila mwezi. Nyota Nyekundu ilikuwa rubli 15, na malipo yale yalifutwa kuanzia Januari 1948. Kijitabu kilimthibitishia mlipaji kwamba huyu ndiye, na nishani yake ndiyo hii. Kwa sababu hiyo namba ya nishani iliandikwa kwa uangalifu, na sababu ya kuipata haikuandikwa kabisa. Angalia utakuta namba mbili. Moja imechapwa, ina herufi ya Kirusi mbele yake: hiyo ni ya kijitabu. Nyingine imeandikwa kwa mkono mbele ya jina la nishani: hiyo ndiyo inayopaswa kufanana na iliyo nyuma ya nyota, tarakimu kwa tarakimu. Wanaoanza huzichanganya namba hizi mbili, wakakimbilia kusema kitu ni cha kughushi.

Usishtuke pia ukiona kijitabu kimeandikwa baada ya vita. Kule mstari wa mbele askari alipewa karatasi ya muda, mara nyingi kipande duni tu, na vijitabu vikafuata baadaye, kwa wengi baada ya kurudi nyumbani. Saini ndiyo itakayokusaidia kukisia miaka. Katibu wa Presidiumu ya Sovieti Kuu, yaani kamati ya uongozi ya bunge lao, tangu 1938 hadi 1953 alikuwa Gorkin, akafuata Pegov, Gorkin akarudi kwa muda mfupi, na kuanzia 1957 hadi 1982 akawa Georgadze. Kijitabu chenye saini ya Georgadze hakikutoka kalamuni mwaka 1945, hata muuzaji akuapie.

Kuhusu namba ya nyota mtandaoni, jibu ni hapana, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Hakuna mahali pa wazi unapoingiza namba ya nishani likatoka jina. Uhusiano kati ya namba na mtu umeandikwa kwenye kadi, zilizohifadhiwa katika Hifadhi Kuu ya Nyaraka ya Wizara ya Ulinzi huko Podolsk, kusini mwa Moscow. Kila aliyetunukiwa alikuwa na kadi yenye orodha ya nishani zake, namba zake na amri zilizompa. Kadi hizo zimepangwa kwa majina. Hifadhi zimefunguliwa mtandaoni kwa awamu: kwanza Memorial mwaka 2007, ya waliokufa na waliopotea, kisha Podvig Naroda mwaka 2010, ya nishani, na Pamyat Naroda mwaka 2015, inayounganisha vyote na kuonyesha hata baadhi ya kadi. Zote zinatafutwa kwa jina, kwa herufi za Kirusi. Mara nyingine hazifunguki ukiwa nje ya Urusi. Jaribu tena siku nyingine kabla ya kukata tamaa.

Tatizo ni kwamba jina peke yake ni kama kusimama Kariakoo ukaita "Juma!" Kijitabu hakikuambii mtu alizaliwa mwaka gani wala wapi. Mimi mwenyewe, nilipoanza, nilinunua kijitabu kilichokwisha tenganishwa na hati zake. Mwenyewe ana jina la kawaida mno. Mpaka leo ninao mezani watu wengi wenye jina hilo, wote walipigana, wote wana nyota, na sina namna ya kusema ni yupi. Yule aliyezitupa hati zake alimpoteza mtu mzima, na nikikikuta kijitabu kile kabatini bado roho inaniuma.

Ndiyo maana nakushikilia kwenye zile karatasi mbili. Kwa neno Berlin na neno Ujerumani ulivyoyaona, karibu hakika ni hati za medali ya Kutwaliwa kwa Berlin, iliyoanzishwa tarehe 9 Juni 1945, na ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, iliyoanzishwa tarehe 9 Mei 1945. Hiyo ya pili ilitolewa kwa karibu watu milioni 15, kwa hiyo mnunuzi wako ana haki kusema kwamba sokoni haina bei. Lakini igeuze, itazame chini. Utakuta tarehe medali ilipokabidhiwa, cheo na saini ya ofisa aliyeikabidhi, na mhuri wa duara.

Mhuri huo ndio ufunguo wako. Kwa ajili ya usiri, vitengo vya jeshi vitani havikuandika majina yao kwenye mihuri. Vilitumia namba ya posta ya vitani, mara nyingi tarakimu tano, zikiwa karibu na maneno полевая почта au kifupisho chake. Leo namba hizo zina faharasa zinazokuambia posta fulani ilikuwa ya rejimenti gani, hospitali gani, kikosi gani cha mizinga. Ukipata kitengo, lile kundi la majina yanayofanana linapungua ghafla hadi watu wawili watatu, au mmoja. Na kama mhuri haukuwa wa posta ya vitani bali wa ofisi ya kuandikisha askari ya wilaya, ambayo kwa kifupi huandikwa РВК, maana yake mtu alikuwa amekwisha toka jeshini, na sasa umejua alirudi kuishi wapi. Njia zote mbili zina faida. Mhuri uliofifia upige picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni, kisha uongeze utofauti wa rangi kwenye simu. Nimeona tarakimu zikiibuka zilizokuwa hazionekani kabisa kwa jicho.

Ukishampata mtu mwenye jina hilo katika kitengo hicho, tafuta fomu ya mapendekezo yake, inayoitwa nagradnoy list. Hiyo ndiyo hati ninayoipenda kuliko zote. Ina mwaka wa kuzaliwa, taifa, uanachama wa Chama cha Kikomunisti, tangu lini yuko jeshini, majeraha aliyopata na lini, nishani alizokwisha pewa, ofisi iliyomwandikisha, na mara nyingi anwani ya nyumbani. Kisha inafuata sehemu ya kueleza kwa kifupi na kwa uwazi tendo lenyewe. Hapo ndipo utakapojua alifanya nini. Lakini kama tuzo yake ilikuwa medali ya Ujasiri au ya Huduma za Kivita, pengine fomu hakuna. Tangu Novemba 1942 makamanda wa rejimenti walikuwa na mamlaka ya kutoa medali hizo wenyewe, na tendo likaandikwa kwa sentensi mbili tatu tu ndani ya amri ya rejimenti. Nyota Nyekundu ilitolewa na ngazi ya divisheni au brigedi kwenda juu, na fomu zake nyingi zimehifadhiwa.

Isome kwa moyo, ila usiisome kama msahafu. Ofisa au karani aliyeiandika alitaka askari wao atunukiwe, na alijua maneno yanayopendwa na wakubwa. Idadi ya maadui waliouawa huwa imetuna. Linganisha tarehe na mahali na kitabu cha kila siku cha vita cha kitengo hicho. Vingi viko kwenye Pamyat Naroda. Kama siku hiyo kitengo kilikuwa mapumzikoni kilomita arobaini nyuma, utajua la kufanya. Angalia pia sehemu ya chini kabisa, pale makamanda wa juu walipoandika maoni yao mmoja baada ya mwingine. Mara kwa mara utaona askari kapendekezwa nishani kubwa, akapewa ndogo zaidi. Mfano unaojulikana sana ni wa Luteni Rakhimzhan Koshkarbaev, Mkazakhi, na Grigory Bulatov, waliopandisha bendera kwenye Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin, tarehe 30 Aprili 1945. Walipendekezwa kuwa Mashujaa wa Umoja wa Kisovieti. Walichopata ni Nishani ya Bendera Nyekundu. Bila fomu ya mapendekezo, nishani zao zisingetueleza hata chembe ya jambo hilo.

Fundo la mwisho ni kadi. Ikionyesha jina lile lile, kitengo kile kile, na namba ile ile iliyo nyuma ya nyota yako, basi umemaliza kazi: huyu ndiye, bila shaka. Kabla ya hapo sema "huenda", hata kama kila kitu kinaonekana kukubaliana.

Kama ni halisi siwezi kukuhakikishia kwa maelezo tu, na mtu yeyote anayekuhakikishia bila kuona, mkwepe. Nyota nyingi ni halisi, maana zilikuwa nyingi. Udanganyifu unaoumiza zaidi ni wa kuunganisha: nyota halisi ya mtu mmoja na kijitabu cha mwingine, kilichofutwa namba na kuandikwa upya. Kwa hiyo chunguza karatasi pale namba ilipo. Imekwaruzwa? Ni nyembamba kuliko pembeni yake? Wino wa namba ni ule ule wa jina? Maandishi ya bolpeni kwenye hati ya mwaka 1945 ni ishara mbaya sana, kwani wakati ule waliandika kwa kalamu ya nibu na wino wa chupa. Chukua taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Karatasi za kabla ya miaka ya 1950 hubaki hafifu chini yake. Ikiwaka nyeupe ya bluu, karatasi ni ya baadaye. Na namba zenyewe zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda: nyota yenye namba ya zaidi ya milioni 3 haikutolewa mwaka 1943.

Usiisugue nyota ing'ae. Usizilaminishe hati wala kuzibandika kwa gundi au selotepu. Ziweke kwenye bahasha safi za plastiki isiyo ya PVC, nyota iwe kando isije ikazikwaruza, na uzipige picha zote pande mbili leo hii.

Swali lako la haki ndilo lililonifanya niandike kirefu. Vitu hivi vilifikaje Leipzig? Majeshi ya Kisovieti, baadaye ya Urusi, yalikaa Ujerumani hadi Agosti 1994, na katika miaka ile ya dhiki watu wengi huko Mashariki waliuza vya babu zao ili wale. Kingine ni cha kale zaidi: kwa muda mrefu nishani nyingi zilitakiwa kurudishwa serikalini mwenyewe akifa, na karatasi zikabaki nyumbani kama ukumbusho, ndiyo sababu hati bila nishani ni nyingi kuliko unavyodhani. Kuvimiliki Ujerumani si kosa. Lakini nchini Urusi, Kifungu cha 324 cha Sheria ya Jinai kinaharamisha kununua au kuuza nishani za serikali, zikiwemo za Kisovieti, pamoja na hati rasmi zinazompa mtu haki. Usiagize kitu cha namna hii kutoka huko, wala usisafiri nacho kwenda huko hata kwa nia njema ya kukirudisha, kabla hujazungumza na mwanasheria. Nchi nyingine zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti zina sheria zao. Uliza kwanza, hamisha baadaye.

Ukimpata mtu, na baadaye ukapata wajukuu zake, usiwatumie picha ya nyota ukianza na bei. Watumie nakala ya fomu ya mapendekezo. Wengi hawajawahi kuisoma. Wengine watakuomba urudishe, na hapo utaamua mwenyewe. Mimi nimewahi kurudisha hati na sijajutia. Wengine watakushukuru tu, wakuachie. Na wapo wasiotaka kuguswa kabisa na habari hizo, na vita vya Urusi na Ukraine, kati ya watoto wa jeshi lile lile, vimeongeza uchungu. Wakikaa kimya, waache.

Msaada wa ana kwa ana utauhitaji mahali pawili. Kwanza, mtu wa kusoma mwandiko. Mrusi kijana anayesoma magazeti vizuri anaweza kushindwa kabisa na mwandiko wa karani wa 1944 na vifupisho vyake. Tafuta mzee, au mwanafunzi wa historia aliyezoea nyaraka. Pili, kama karatasi zimeanza kupasuka kwenye mikunjo, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, usijaribu nyumbani. Na siku ukiwa Berlin, pita kwenye jumba la makumbusho la Karlshorst, ndani ya nyumba ile ile ambamo Ujerumani ilisalimu amri usiku wa tarehe 8 Mei 1945. Hawakupimii bei, ila utaona hati za aina yako zikiwa mahali pake, na jicho lako litajifunza.

Umemtaja babu yako. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma walipewa Nyota ya Burma, na nyota hizo za Waingereza kwa kawaida hazikuchongwa jina wala namba. Kwa hiyo hata kama ya babu ingalikuwepo, isingeweza kukuambia ni yake. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka jeshini ndiyo ingesema. Waulize shangazi na baba wadogo kama kuna bati, sanduku au Kurani ya zamani ambayo watu walikuwa wakihifadhia karatasi ndani yake. Jambo muhimu kuliko yote ni namba yake ya jeshi. Hata ikiwa imekumbukwa nusu, iandike.

Mnunuzi mwambie hapana kwa sasa, kisha uipige picha ile mihuri miwili, uanze na zile tarakimu tano.